Ung'ongo Si Nyoka: Miaka Yangu ya Kuumwa Mgongo

Kwa muda wa miaka miwili niliswali nikiwa nimekaa juu ya kiti cha plastiki cha rangi ya buluu. Kiti hicho kilikaa kwenye kona ya chumba chetu hapa Tanga, na watoto walijua kwamba hakisogezwi wala hapewi mgeni, kwa kuwa kilikuwa kiti cha mgongo wa mama. Ninaandika simulizi hii kwa sababu kila nikipita Soko la Mgandini, au nikisubiri zamu yangu zahanati, nawaona watu walioshika kiuno kwa namna ileile niliyokuwa nikikishika mimi, nami ningependa wasipoteze miaka niliyoipoteza.

Maumivu yalianza mwezi wa Septemba mwaka 2019. Niliteremsha gunia la mchele la kilo 25 kutoka kwenye bajaji mbele ya nyumba yetu ya Ngamiani, nikageuka kabla sijalishika vizuri, na nikahisi kama kamba imevutwa ghafla chini ya kiuno. Usiku ule sikuweza kujigeuza kitandani. Bibi mmoja jirani, ambaye ni mkandaji, alinikanda kwa mafuta ya nazi kwa siku 5, nikapata nafuu, na baada ya wiki 3 nikarudi shuleni kufundisha. Hadi hapo hapakuwa na la ajabu, kwa kuwa msuli uliovutika huuma, kisha hupona. Ajabu ni kwamba ilipofika Januari nilikuwa naumwa kuliko siku ya kwanza, na maumivu yalikuwa yameshuka kwenye paja la kulia, yakahamia la kushoto, kisha yakapanda hadi katikati ya mabega. Jambo hilo la maumivu kuhamahama sikulitilia maanani wakati ule. Baadaye nilikuja kujua kwamba lilikuwa dalili kubwa kuliko zote kwamba tatizo halikuwa tena kwenye msuli.

Nilitafuta tiba kila nilipoelekezwa. Nilimeza diklofenaki, vidonge vya kutuliza maumivu, nikachomwa sindano, nikaumikwa chuku mara 4, nikasomewa kisomo, na Jumapili kadhaa mume wangu alinipeleka kwenye chemchemi za maji moto za Amboni, ambako watu wenye maumivu ya viungo wamekuwa wakienda kuoga kwa miaka mingi. Sitasema kwamba vitu hivi havina faida. Kukandwa na mtu anayekupenda kuna faida yake, na baada ya kisomo nililala vizuri. Lakini nafuu ilikuwa ya siku 2 au 3 tu, na kila maumivu yaliporudi nilikata tamaa zaidi ya mwanzo.

Mwaka 2021, nikiwa na umri wa miaka 43, nilipanda basi pale Kange kwenda Dar es Salaam kufanyiwa kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili. Nililipa shilingi 420,000, fedha tulizokuwa tumeziweka kwa ajili ya kuezeka upya chumba cha nyuma. Daktari aliyesoma majibu aliniambia kwamba diski mbili za chini, ile mito laini iliyo kati ya pingili za uti wa mgongo, zimesagika na moja imetokeza nje, kisha akaongeza maneno ambayo bado nayasikia: “Mama, huu ni mgongo wa mtu wa miaka 70. Usibebe ndoo, usiiname, usikae chini. Ukicheza nao utaishia kwenye kiti cha magurudumu.” Sikumbuki kama aliniandikia dawa gani. Maneno hayo ndiyo niliyokwenda nayo nyumbani, kilomita 350 hivi, nikiwa nimekaa wima kwenye kiti cha basi kama yai lililofungwa ndani ya kitambaa.

Kuanzia siku ile nikaacha kila kitu. Niliacha kuteka maji, nikaacha kufua kwa mikono, nikaacha baiskeli niliyokuwa nikiendea shuleni tangu nilipoajiriwa, nikaacha kukaa mkekani misibani na arusini, na nikaanza kuswali kitini. Kila nilichokiacha kiliniahidi usalama, lakini kila wiki kadhaa kilibidi kiongezwe kingine, mpaka nikawa naogopa hata kupiga chafya. Mtu anayeogopa mgongo wake hukaza misuli kutwa nzima bila kujua, na msuli uliokazwa kutwa nzima huuma, na maumivu hayo huyachukua kama ushahidi kwamba ule uti wa mgongo unazidi kuharibika.

Laiti ningejua wakati ule ninachokijua sasa kuhusu picha zile. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 33 za picha za uti wa mgongo za watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 40, asilimia 68 walikuwa na diski zilizochakaa na nusu yao walikuwa na diski iliyotokeza, na bado walikuwa wakiishi maisha yao bila kuumwa. Kwa wenye miaka 80, diski zilizochakaa zilifika asilimia 96. Kwa hiyo mgongo wangu ulikuwa umeota mvi kama kichwa kinavyoota mvi. Picha ilisema kweli kuhusu kilichomo mgongoni, lakini haikueleza kwa nini nilikuwa naumwa. Mgonjwa anayepewa majibu ya namna hiyo ana haki ya kumuuliza daktari: je, watu wa umri wangu wasioumwa nao huwa hivi? Mimi sikuuliza.

Mwaka 2022 tumbo nalo likaanza. Nilikuwa nimemeza diklofenaki karibu kila siku, nyingine nikizinunua mwenyewe duka la dawa bila cheti, na ikaonekana kwamba nimepata vidonda vya tumbo. Daktari aliyenitibu tumbo, hapa hapa Tanga, alikuwa kijana mtaratibu. Alisoma faili langu lote, akanipima nguvu za miguu, akanigongagonga magoti, kisha akaniuliza: “Samahani, mwalimu. Mwaka ule mgongo ulipoanza, nyumbani kulikuwa na nini?” Nilimwambia hapakuwa na kitu. Akasema kwa upole kwamba maumivu mengine ya muda mrefu hutibika vizuri kwa msaada wa mwanasaikolojia, na kwamba angependa anielekeze kwa mmoja.

Niliondoka nimekasirika mno. Mume wangu alikuwa akinisubiri nje, nikamwambia, “Kijana yule ananiona najifanya.” Nakiri hapa kwamba hasira ile ilinipotezea miezi 8, na chanzo chake kilikuwa neno. Katika mazungumzo yetu, mtu akisema tatizo lako ni “la kisaikolojia” wewe husikia mawili: kwamba huumwi, au kwamba akili yako ina kasoro. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa limesemwa. Maumivu yangu yalikuwa ya kweli kama maumivu ya mtu aliyevunjika mguu, maana maumivu yote, hata ya mguu uliovunjika, hutengenezwa na ubongo. Watu waliokatwa mguu huendelea kuumwa kwenye nyayo ambazo hazipo tena. Na mchezaji huumia uwanjani asihisi mpaka filimbi ya mwisho ipulizwe. Jeraha na maumivu ni vitu viwili vinavyotembea pamoja mara nyingi, lakini kila kimoja kinaweza kutembea peke yake.

Nilirudi kwa daktari yule mwanzoni mwa mwaka 2023, si kwa sababu nilikuwa nimeamini, ila nilikuwa nimechoka. Hakunilaumu. Kabla ya kuniandikia barua ya rufaa alihakikisha tena kwamba hapana ugonjwa uliojificha, na hatua hii naomba isirukwe na yeyote. Aliuliza kama nashindwa kuzuia haja ndogo au kubwa, kama nina ganzi sehemu za siri au mapajani kwa ndani, kama mguu unazidi kulegea, kama nina homa, kama natoka jasho usiku, kama nimekonda bila sababu, kama niliwahi kuugua saratani. Katika nchi yetu kifua kikuu huweza kushika uti wa mgongo, na hakuna mazungumzo yatakayokitibu. Mwenye dalili mojawapo ya hizo aende hospitali mara moja, na anayeshindwa kuzuia haja asisubiri hata kupambazuke.

Mwanasaikolojia alikuwa Dar es Salaam. Vikao viwili vya kwanza nilivifuata huko, vinane vilivyobaki tukavifanya kwa simu ya video, kila kimoja shilingi 50,000. Bima yangu haikulipia hata kimoja. Jumla, pamoja na nauli na vifurushi vya intaneti, ilikuwa kama shilingi 620,000, na nilipopiga hesabu ya nilichotumia tangu 2019 nikakuta kimezidi milioni 3. Siku za vikao nilijifungia chumbani, watoto wakiwa kwa bibi yao, kwa sababu huwezi kusema ya moyoni huku mtu anapita na sufuria.

Katika kikao cha kwanza aliniuliza nafundisha somo gani. Nikasema Kiswahili. Akatabasamu, akasema, “Basi, mwalimu, niambie: mtu akiwa na maumivu ya mgongo husemaje?” Nikamjibu, “Husema naumwa mgongo.” Akauliza, “Na aliyetiwa meno na nyoka?” Nikanyamaza, kisha nikasema, “Ameumwa na nyoka.” Miaka 19 nilikuwa nimefundisha kauli ya kutendwa, na sikuwahi kulisikia neno hilo namna ile. Ndipo akanikumbusha methali ambayo kila mtoto wa pwani anaijua, kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama yangu ni msusi wa mikeka, na ung'ongo, ule ukuti mwembamba wa kushonea mikeka, ulitapakaa sakafuni kwetu utotoni kote. Nilielewa mara moja. Mwaka 2019 palikuwa na nyoka kweli: msuli uliumia na ubongo ulifanya vyema kunizuia. Msuli ulipopona, ubongo haukupata habari. Uliendelea kushtuka kwa kila ung'ongo, yaani kuinama, ndoo, mkeka, baiskeli, na mshtuko wenyewe ndio niliouhisi kama maumivu. Na ile kauli ya kiti cha magurudumu ilikuwa imeuambia ubongo wangu kwamba nyoka bado yumo ndani.

Alinieleza pia kuhusu utafiti uliofanyika Boulder, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, na kuchapishwa mwaka 2021. Watu 151 wenye maumivu sugu ya mgongo waligawanywa makundi matatu. Waliopewa tiba ya namna hii, ya kuufundisha ubongo kuyatafsiri upya maumivu, kwa wiki 4 tu, asilimia 66 walibaki bila maumivu au na maumivu kidogo sana. Waliochomwa sindano isiyo na dawa walikuwa asilimia 20, na walioendelea na matibabu yao ya kawaida asilimia 10. Mwaka mmoja baadaye wengi walikuwa wameshikilia nafuu yao. Alinitahadharisha kwamba huo ni utafiti mmoja, wa watu wa kwao na maisha yao, na kwamba theluthi moja hawakufikia hapo. Nilimshukuru kwa ukweli huo. Desemba mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya kiuno kwa watu wazima, na ndani yake tiba za kisaikolojia zimetajwa pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa, wakati dawa za jamii ya afyuni zimekataliwa. Natamani mwongozo huo ungefika kila chumba cha daktari.

Kazi yenyewe ilianza na daftari. Nilitakiwa kuandika kila siku maumivu yalipopanda na yaliposhuka, na kilichokuwa kikitendeka wakati huo. Baada ya wiki 2 daftari lilinionyesha mambo ambayo nisingeyaamini kwa kuambiwa. Usiku wa kesha la arusi ya mpwa wangu nilisonga na kupika hadi alfajiri, nikainua masufuria ya pilau, nikaimba, na mgongo ulinyamaza. Siku ya pili yake saa 6 mchana kaka yangu alinipigia simu kuhusu nyumba ya marehemu baba, na hadi alasiri nilikuwa nimelala ubavu siwezi kuinuka. Ingekuwa diski ndiyo inayouma, ingeuma kwenye masufuria.

Kisha kulikuwa na zoezi la kukaa kimya dakika 10, mara mbili kwa siku, nikiyaangalia maumivu bila kuyapiga vita. Nayaangalia yalipo, yana joto au yanachoma, yanatanuka au yanasinyaa, huku nikijiambia kwa utulivu kwamba mwili huu ni salama na huu ni ung'ongo. Siku za mwanzo yaliongezeka, nikataka kuacha. Kosa langu, ambalo mtaalamu aliligundua wiki ya tatu, ni kwamba nililifanya zoezi kama dawa: nafumba macho, baada ya kila dakika nachungulia kama yameondoka, yasipoondoka nasikitika. Huko ndiko kumtafuta nyoka. Nilipoacha kuyadai yaondoke, ndipo yakaanza kulegea, siku moja kwa robo saa, nyingine kwa saa nzima.

Sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote ni ya kaka. Baba alifariki mwezi wa Machi mwaka 2019, na kabla ya arobaini kaka yangu mkubwa alikwisha kuipangisha nyumba ya barabara ya 12 na kupokea kodi ya mwaka mzima bila kutushirikisha. Huyu ni kaka aliyenilipia ada ya sekondari. Katika malezi yetu huyo hajibiwi, na mimi nilimeza maneno, nikawa naitika “ndiyo, kaka” kwa sauti nzuri kabisa. Gunia la mchele lilinikuta katika hali hiyo, miezi 6 baadaye. Hata hivyo nilimficha mtaalamu habari hii mpaka kikao cha nne, kwa kuona ni aibu ya ukoo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliyaficha kwa mtu niliyekuwa nikimlipa ayatibu.

Nilipomsimulia, alinitaka nimuandikie kaka barua ambayo haitatumwa, niseme kila kitu bila adabu. Niliandika kurasa 6. Nilipokuwa nikiisoma kwa sauti, simu ikiwa imeegemezwa kwenye mto, mikono ilitetemeka na uso ukawaka, na nililia kilio ambacho sikulia msibani, kwa maana chini ya hasira palikuwa na baba, na chini yake tena palikuwa na mapenzi kwa kaka mwenyewe. Usiku ule nililala saa 7 mfululizo. Sasa, kosa: kwa kuona nimepata ushujaa, siku 3 baadaye nilimpigia simu kaka na kumsomea aya mbili za barua ile. Tulinuniana miezi 5 na mgongo ukarudi juu. Barua ni ya kutoa kilichomo kifuani. Mazungumzo na ndugu yana wakati wake na wapatanishi wake, na kwetu ilibidi mjomba aje kutoka Muheza ndipo tukakaa mkekani tukayamaliza.

Harakati nilirudishiwa kidogo kidogo. Ndoo ya lita 5 wiki nzima, kisha lita 10. Siku moja nikijisikia vizuri nilibeba lita 20 mara tatu ili nijithibitishie kwamba nimepona, na nikalala siku 2. Mtaalamu aliniambia kwamba mwili haukuharibika, ila ubongo uliokuwa ukianza kutulia umetishwa tena, na tukarudi kwenye lita 10. Baiskeli niliianza asubuhi za Jumamosi, barabara ya Raskazone wakati hakuna magari, dakika 10 tu. Sujudu ilikuwa ya mwisho, kwa kuwa ndiyo niliyoiogopa kuliko zote. Niliifanya kwanza nje ya sala, mara moja, paji la uso likiwa juu ya mto, kisha bila mto. Alfajiri ya kwanza niliyoswali chini ilikuwa mwezi wa Agosti 2023. Niliirefusha sujudu ile ya mwisho mpaka mume wangu akaja mlangoni kuona kama nimezimia.

Kuhusu dawa, nilipunguza kwa mpango wa daktari. Diklofenaki nilikuwa nimekwisha kuiacha kwa ajili ya tumbo, lakini nilikuwa pia natumia amitriptilini usiku, dawa ya sonona inayotumiwa pia kwa maumivu sugu, na hiyo haikatwi ghafla. Anayetafuta mtaalamu aulize mapema kama amewahi kutibu maumivu sugu, kwa sababu wanasihi wengi wazuri hawajafundishwa jambo hili na watakusaidia kuvumilia tu. Na walio nyumbani wana kazi yao. Mume wangu alikuwa akiniuliza kila asubuhi, “Mgongo umeamkaje?” Aliuliza kwa mapenzi, na kila alipouliza mimi nilikwenda kuutafuta. Tulikubaliana aulize nimeotaje. Siku hizi namsimulia ndoto, na chai inapoa.

Sijapona kama mtu ambaye hajawahi kuumwa. Mwaka huu, wakati wa kusahihisha mitihani, mgongo ulinikamata kwa siku 4, nikakaa nao, nikatazama ni nini kinanitisha, nikaendelea kutembea. Zamani siku 4 hizo zingekuwa miezi 4. Kile kiti cha buluu mama yangu amekiomba. Magoti yake ni ya miaka 78 na amekwisha pimwa, yeye kiti anakihitaji. Anakikalia kibarazani akisuka, ung'ongo ukiwa umemzunguka miguuni, nami huketi chini kando yake kumpangia ukindu.